Donge la Magadi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Leo hospitali na mjukuu wangu Aikande na mama yake, Elizabeth. Mtoto wa miaka tisa anapanda kilima cha kanisa anapumzika mara nyingi kuliko mimi. Damu imesoma nane, inatakiwa kumi na mbili. Daktari kamfunua mdomo, kauliza maji mnakunywa ya wapi. Ya kisima, nikamwambia, na meno ya kahawia tunayo wote, hata mchungaji. Akasema floraidi, madini ya maji ya huku, ikizidi haiishii kwenye meno. Inaingia mifupani, na huenda ikasumbua uboho, damu inapotengenezwa. Tunywe ya mvua. Magadi kwenye chakula, marufuku, nayo yana floraidi hiyo hiyo. Daktari mwenyewe kijana, ndevu hazijatimia.

Jumapili, 9 Machi
Elizabeth kapika makande bila magadi. Mahindi kama kokoto. Aikande vijiko viwili, kasukuma sahani. Nikauliza, huyu atapata damu kwa kula hewa? Mama, daktari amekataza, akanijibu. Daktari! Nimelea saba kwa magadi ya soko la Kikatiti.

Jumatano, 12 Machi
Elizabeth akienda shambani natia donge kwenye chungu. Dogo tu. Mtoto analamba vidole. Mama yake anajisifu, siku hizi kajua kuivisha. Nimecheka peke yangu jikoni.

Jumatatu, 7 Aprili
Damu saba. Imeshuka.
Daktari kamgeukia Elizabeth — mama, magadi uliacha kweli? Kaapa. Kaulizwa tena, kama mwizi. Akalia. Mimi nilikuwa nimeinama nafunga kamba za kiatu cha mtoto. Kiatu hakina kamba.
Basi, daktari akasema, kama maji mmebadili na magadi mmeacha, tutafute sababu nyingine. Sindano kwenye mfupa wa nyonga, wavute uboho waupime. Keshokutwa.

Jumatano, 9 Aprili
Saa mbili asubuhi, benchi la hospitali. Elizabeth hajala tangu jana. Kaniambia, mama, labda kuna kitu nilikosea. Nikamtuma akanawe uso.
Alipokwenda msalani Aikande akauliza, bibi, sindano inafika ndani ya mfupa kabisa? Nikamwambia nyamaza, mtoto wa Kimeru haogopi sindano. Akasogea sikioni kwangu. Halafu polepole — bibi, nilikuona unatia kwenye chungu. Sijamwambia mtu.
Elizabeth karudi.
Muuguzi kafungua mlango, kaita Aikande na mtu mzima mmoja. Elizabeth anavaa ndala zake. Nimemwambia kaa. Naingia mimi, daktari ana la kusikia kabla ya sindano.