Namna ya Kumuhamisha Baba

Yaya Monga, mukubwa wangu,

Jambo kwako na kwa Mama. Mulilamuka? Miguu ya Mama ingali inavimba? Mi niko. Ninakula, ninalala, ninatumika kazi. Huku Kazakistani baridi imeanza, na hakuna hata muti moja ya kuzuia upepo. Ni majani tu, mpaka macho inachoka.

Mesaji yako ilifika. Barabara itapita mu shamba yetu ya Kasungami, na kaburi ya Baba inapashwa kuhama mbele mvula haijaanza. Unasema Mama anakatala: "Bangojee Ngoie. Yeye njo balimufundisha mambo ya mifupa kule iniversite ya Kasapa." Nilisoma asubuhi, nikasoma tena saa sita. Sikulia. Nilirudisha telefoni mu mufuko, nikashuka mu shimo penye tunachimba kutafuta mambo ya kale.

Mu shimo tulikuwa na muntu, Yaya. Ni wa zamani sana, wa bale bachungaji ba farasi benye hawakukaa fasi moja. Mwenye alikufa balimuzika palepale njiani, bakamurundikia udongo sawa kilima. Huyu alikuwa kijana. Kando yake baliweka kichwa na miguu ya farasi wake, chuma ya hatamu ingali mu meno. Kila mara nikifikia mifupa, moyo unapiga. Safari hii hapana. Nilisafisha mbavu zake sawa muntu anafagia lupango ya nyumba yake.

Mama Aigul, mwenyeji wa huku mwenye anatupikia, anakujaka kuombea kila kaburi tunafungua. Aliniangalia.

"Ngoie, kuko nini?"

"Banamuhamisha baba yangu."

"Na weye hauendi?"

"Nikitoka mu inchi hii, hawataniacha niingie tena. Karatasi zangu bado."

Kisha akasema: "Basi baambie namna. Mikono inaweza kuwa ya mwingine."

Namna njo hii. Usiache bale banaume ba kulipwa bamalize na majembe. Jembe lifike penye udongo unakuwa laini. Toka pale, ni mikono yako. Anza ku miguu. Mifupa ya vidole inapoteaka, uifunge mu kitambaa yake, ya kuume mbali na ya kushoto. Goti ya kuume utaikuta imepasuka: ni ile ajali ya mu mine, kule alichimbaka mawe. Usishituke. Kichwa usikishike ku macho. Weka mikono yote mbili chini, sawa unapokea mutoto mwenye amezaliwa leo. Mama asikaribie mpaka umefunika.

Binti yako anataka kunionyesha na video. Hapana. Munipigie Mama akiisha kula.

Kuandika hii yote hakukuniuma, Yaya. Hiyo njo inaniogopesha kidogo.

Salimia Mama, umuambie sikukatala kuja. Salimia muke wako, mwenye anabeba nyumba yote. Na shangazi yetu wa Kampemba aache kuuza samaki zake siku ile, akamate kitambaa ya mifupa. Baba alimupenda dada yake kupita sisi bote.

Na mbele gari ya kumubeba haijatoka, muntu amuambie Baba anapelekwa wapi, asibakie pale akitafuta njia. Jana nilijaribu kumuambia toka huku. Nilisimama mu majani, nikafungua kinywa. Hakuna kilichotoka.

Umuambie weye.

Mudogo wako,
Ngoie