Kiongozi wa Kilima Nisichowahi Kukipanda

Shoga, nimekwisha.

Kikao cha ofisini kimeisha sasa hivi. Bosi katangaza Jumamosi tunapanda kile kilima cha nyasi na ukungu, kisicho na hata kibao cha njia. Kiongozi ni MIMI.

Mimi! Ninayehema kwa ngazi mbili tu!

Eti, "Si unakipanda kila mwezi, dada?" Kila mwezi! Nilisema hivyo kwenye usaili, nikaonyesha ile picha yako ya kileleni uliyopigwa kwa nyuma. Nikasema ni mimi.

Nimejifungia chooni nakuandikia. Tuko kumi na wanne, pamoja na mama yake bosi mwenye goti bovu. Huyo mama keshanipigia simu, "Nakutegemea wewe, mwanangu."

Na bosi anataka nipigwe picha kama ile, palepale kileleni.

Shoga, nakuomba, pale ulisimama wapi?