Chuma Alichokifufua Baba Kulwa

Nyarugusu

Shemeji yangu Baba Neema,

Tumsifu Yesu Kristu. Mama mkwe anaendeleaje na miguu yake? Wanangu wanakula? Mimi nipo. Napika uji wa wachimbaji, nasali, nalia, napika tena. Simu yangu iliungua siku ileile aliyotutoka kaka yako, na maneno haya si ya simu ya kuazima, ndiyo maana nampa dereva barua.

Nasikia Jumapili mna kikao cha kumfukuza Shangazi Nyamizi, eti ndiye aliyetutumia radi, kwa kuwa aliwaambia "mtaona" mlipogombea lile jaruba la mpunga. Shemeji, soma kwanza, hasira baadaye.

Fundi alipotufungia sola alichimbia nondo nyuma ya nyumba, akaiunganisha na waya kutoka kwenye paneli, ili radi ikipiga ipate njia ya kwenda ardhini. Kaka yako unamjua, hakuvumilia kuona chuma kimekaa bure. Akaing'oa, akaikata, akachonga moko, ile patasi ya kupasulia mwamba duarani, kule shimoni wanakochimba. Nikamwambia, "Baba Kulwa, fundi kasema isiguswe." Akacheka: "Chuma kilichozikwa ni maiti, Mama Kulwa. Mimi nakifufua kilishe watoto."

Siku ile radi zilikuwa zimeshaanza. Mimi nikakimbilia kufunika kioo kwa kanga, kama tulivyolelewa. Yeye akakimbilia kuchomoa nyaya za betri. Nikasikia, "Mama Ku..." Jina langu hakulimaliza. Mpaka leo huwa namwitikia, shemeji.

Fundi alipokuja kutoa pole aliukuta ule waya unaning'inia ukutani, akashika kichwa. Akasema nyaya huchomolewa mawingu yanapoanza kujikusanya. Radi ikishanguruma unaziacha, unakaa nazo mbali. Nikamuuliza, "Nondo ingekuwepo, angepona?" Akanijibu, "Mama, hakuna mwenye mkataba na radi. Lakini ingekuwa na njia nyingine."

Basi haikutumwa na mtu. Ilitafuta njia, ikamkuta yeye. Shangazi ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo, na pale msibani nilimwona amekaa peke yake, hata maji hakuna aliyempelekea. Nimefiwa na mume. Msiniongezee msiba mwingine kwa jina lake.

Wenzake kaka yako wa duarani wameniletea ile moko, naituma pamoja na barua hii. Kichwa kimepondeka kwa nyundo. Fundi anasema imekuwa fupi, haifai tena kwa radi, kwa hiyo kwenye paneli yako mwite fundi achimbie nondo ndefu, maana chini ya bati hilo wanalala mama na wanangu. Hii ionyeshe kikaoni, watu waishike. Kisha nendeni na Shangazi mkaichimbie kaburini kwa kaka yako. Asiifufue mtu tena.

Nisalimie mama mkwe, na mkeo Mama Neema anayenilelea pacha wangu. Kulwa na Dotto waambie wingu likitanda wasicheze karibu na nyaya. Shangazi msalimie mbele ya watu, kwa sauti.

Mungu awafunike nyote.

Ni mimi, mke wa kaka yako,
Mama Kulwa