Siku Mama Alipowasalimia Wabunge

Louisville, Kentucky
Jumapili ya Pasaka, 27 Machi 2016

Kwako kaka yangu mpenzi Nestori,

Pokea salamu za Pasaka kutoka kwa mdogo wako Joselyne. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba theluji ya Buffalo imewaachia angalau mlango wa kutokea. Sisi huku Mungu anatulinda. Mama ni mzima, anakula vizuri, na siku hizi ana maringo ambayo hujawahi kuyaona. Ningeweza kupiga simu, lakini nakujua, ungenikatiza kabla sijafika katikati, na haya nataka uyapokee yote mpaka mwisho.

Kaka, Mama amewashinda wabunge! Usicheke, nasema kweli.

Unakumbuka nilikuambia habari za kile kituo cha wazee hapa South End, ambako gari linawachukua asubuhi, wanashinda pamoja, wanakula, wananyoosha viungo, mpaka watoto wao watoke kazini. Mama alianza kwenda mwezi wa kwanza. Alikuwa hajamaliza hata wiki sita tukaambiwa kwamba bunge la jimbo linataka kuondoa fedha za kituo kwenye bajeti mpya, na kabla ya kiangazi kingefungwa. Mimi niko ghalani Okolona tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, nafunga maboksi. Bila kituo Mama angebaki peke yake nyumbani.

Basi yule Patricia, Mkongo anayehudumia wazee majumbani mwao, akaanzisha kikundi cha watu wa kujitolea kwenda kuwasemea wazee bungeni kule Frankfort. Alituita kanisani, akasimama mbele na sauti yake isiyohitaji kipaza sauti, akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo kwamba tuwaendee wabunge wenyewe, “Bon, tusililie hapa mu nyumba. Tuende tubaambie bo benyewe, donc batuone na macho!” Mimi nilikuwa wa kwanza kuinua mkono.

Tulifanya mazoezi Jumamosi tatu. Kila mzee alipewa dakika tatu: taja jina, eleza shida, sema unachotaka, kaa chini. Mama alitakiwa aseme kwamba kituo kinamwondolea upweke. Alilishika somo lake vizuri kuliko wote, na kila jioni alinisomesha na mimi tafsiri yake, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi.

Siku yenyewe tukaenda na gari la kanisa, wazee kumi na mmoja. Mama alivaa kile kitenge cha harusi ya Columbus. Jina lake likaitwa, nikasimama kando yake kutafsiri. Wabunge wamekaa juu kwa mstari, wana makaratasi, hawacheki. Na Mama, badala ya kuanza na shida, akaanza kuwasalimia! Aliuliza wameamkaje. Aliuliza kama wazazi wao wangali hai. Aliuliza ni nani anayewaangalia mama zao wakati wao wamekaa hapa. Huo ulikuwa ukarimu wa kwetu, kwake haiwezekani uombe kitu kwa mtu ambaye hujamjulia hali, lakini dakika zilikuwa zinakwenda na mimi jasho linanitiririka mgongoni. Nyuma yangu Patricia anakohoa kama mgonjwa wa kifua.

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Alijibu kwamba mama yake ana miaka tisini na moja na hajampigia simu tangu Jumapili. Mwingine akasema wake alifariki msimu uliopita, na Mama akampa pole, tena ndefu. Kengele ikalia. Dakika tatu zimekwisha na shida yetu haijatajwa! Nilitaka ardhi inimeze. Ndipo mwenyekiti akasema kwamba mtu aliyemuulizia mama yake anastahili dakika moja zaidi.

Kabla ya hiyo dakika nikupe matokeo. Juzi Ijumaa tumepata habari kwamba kamati imerudisha fedha zote. Kituo hakifungwi. Patricia alipiga vigelegele simuni mpaka sikio likaniuma, na leo kanisani wamemsimamisha Mama, watu wakapiga makofi, naye akapunga mkono kama mke wa rais.

Sasa ile dakika. Mama alisema kwamba kabla ya kituo, binti yake alikuwa anamfungia ndani kwa kufuli kila siku ya kazi, tangu Oktoba mpaka Krismasi, naye alikuwa akisimama dirishani kuangalia magari mpaka giza liingie.

Ni kweli, kaka. Kule Columbus kwenye harusi, ulipotaka kumchukua, nilikasirika, nikaapa mbele yako na dada yetu Florida kwamba Mama hatashinda peke yake hata siku moja. Kwenye simu nilikuwa nakuambia anakaa na jirani yangu Rakeli. Rakeli alihamia Iowa Septemba. Oktoba Mama alitoka kunitafuta, akapotea, akakutwa kituo cha basi na kandambili, anatetemeka kwa baridi. Kesho yake nikanunua kufuli. Nilijua kwamba moto ukiwaka atafia mle ndani, na bado nilifunga.

Alikuwa anasema Kirundi, wazee wenzake wote ni Wakongo, na katika chumba kile aliyemwelewa ni mimi tu. Ningeweza kuwaambia kwamba anapenda chakula cha kituo, wangeandika hivyo. Nilitafsiri neno kwa neno, kisha nikaongeza la kwangu, kwamba binti huyo ni mimi.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kwa nini alinianika mbele za watu. Alijibu kwamba lilikuwa limemlemea siku nyingi, alitaka kulitoa mara moja tu, na alikuwa na hakika kwamba sitalitafsiri. Aliposikia sauti yangu inakatika ndipo alipojua kwamba nimelisema. Halafu akaniomba msamaha. Mama aliniomba msamaha mimi!

Sasa naomba msamaha wako na wa dada Florida, nimemwandikia naye barua yake. Ukiona ni afadhali Mama ahamie kwako, njoo umuulize mwenyewe. Akikubali sitalia mbele yake, na nguo zake nitazipanga kwa mikono yangu.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto. Mungu awafunike.

Ni mimi mdogo wako,
Joselyne