Viota vya Upande wa Mashariki

Gede,
14 Agosti 2024.

Mpendwa Shangazi Priscilla,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Lodwar. Mguu wako je, umepata nafuu? Sisi huku miili ni mizima, twamshukuru Mungu. Mahindi tumeshavuna.

Nilikuambia nimepata kazi kwa Zakiya, mtafiti wa njule, wale wanyama wadogo wa pua ndefu wanaochakura majani makavu msituni. Kazi hiyo imeingia hadi jikoni kwetu.

Ramani ya kwanza ya msitu, watafiti waliikata kwa miraba ya kilomita moja moja. Ndani ya mraba mkubwa vile, penye majani tele na palipo peupe huchanganywa pamoja, basi ikasomeka kwamba njule wako kila mahali na kuokota kuni hakuwadhuru. Mama alifurahi.

Zakiya hakuridhika. Akataka tupime kwa miraba midogo, hatua kumi kwa kumi. Miezi mitatu nilipiga magoti na rula, nikipima kina cha majani, nikihesabu magogo yaliyoanguka na viota. Penye majani mazito na magogo, nilipata viota thelathini na kimoja. Upande wa mashariki, wanakookota kuni akina mama, viwili.

Nilijua ni kuni za nani. Nikaandika viwili.

Kamati ya msitu ikaufunga upande ule miaka miwili. Mama ana kadi ya kuokotea kuni tangu nikiwa darasa la pili. Sasa apikia makumbi na vifuu vya nazi, macho mekundu kwa moshi.

Siku tangazo liliposomwa aliniuliza, "Ni wewe uliyehesabu?"

"Ni mimi, mama."

Akaendelea kuambua kunde. Tangu hapo, wiki sita, aniwekea chakula kisha aondoka. Sikulia, Shangazi. Nala, naosha sahani, nalala. Hata kanisani naimba tu, sauti yatoka, mimi simo.

Jana Zakiya alinituma tena mashariki. Chini ya mkwamba nikaona kiota kipya, majani bado yana umande. Nikapima, nikaandika. Nikangoja nifurahi. Furaha haikuja.

Jioni mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Wamerudi?"

"Mmoja."

Akavuta kigoda, akaketi. "Basi na waje wengi, nisiwe nimevuta moshi bure." Akajipakulia, tukala pamoja. Furaha sikuiona, ila chumvi ya mchuzi niliisikia.

Msalimie Mjomba Simeon, na Pola umwambie fulana yake ya shule ilinitosha. Mama hakunituma salamu, lakini aliuliza kama nimekuandikia.

Mola akulinde uingiapo na utokapo.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye,

Damaris