Mtu Anayekufa Katika Kila Sura

Baba yangu mpenzi, shikamoo.

Nimeielewa riwaya yako. Nimechelewa, najua, na inaniuma hasa kwa sababu wewe ndiye niliyetaka kumwambia kwanza.

Unakumbuka wasomi walivyokuwa wakija hapa Bombambili kukuuliza? Mkulima mmoja wa mahindi anakufa katika kila sura, na kila mara anakufa tofauti kidogo. Halafu kitabu kinakatika katikati ya sentensi. Wapo waliosema umechanganyikiwa, wapo waliosema ni fumbo la siasa. Wewe ulikuwa unawakaribisha chai tu. Shangazi naye akakutania, "Kaka, huyu mtu wako atakufa mara ngapi? Si umzike tupumzike!" Ukacheka mpaka ukakohoa. Nilipokubana mimi unieleze, ukajibu, "Utaelewa tu, mwanangu." Jamani, baba! Ungeniambia siku ile, tungekaa tukaongea.

Kwenye msiba wako nilikaa mkekani karibu na mlango. Kila aliyeingia alilia, akatupa pole, akakaa, kisha akauliza, "Ilikuwaje?" Nami, mtoto wako mkubwa, nikaanza upya. Ndugu wa Lusewa niliwaambia uliomba uji, ukashindwa kuunywa. Shangazi nilimficha yale maumivu. Wanajumuiya wenzako wa kanisani niliwasimulia ulivyoshika rozari. Rafiki yako wa Mshangano nilimwambia ulivyolalamika kwamba chai haina sukari, akacheka huku machozi yanamtoka. Yote yalikuwa kweli. Na kila nilipokaribia mwisho, hodi nyingine ikapigwa, nikakatiza.

Ndipo nikashtuka: mbona niko ndani ya kitabu cha baba! Kumbe msimulizi wako ni mfiwa anayewasimulia wanaoingia, kila sura mgeni mwingine, basi. Nikageuka haraka nikuambie, nikaona kiti chako kimekaliwa na mgeni. Nililia kuliko nilivyolia makaburini.

Sasa turubai limeshushwa. Mvua zimeanza, watu wamerudi mashambani, na hakuna anayeuliza tena. Ninayo habari yote, na hakuna wa kunikatiza.

Natamani nisikie hodi moja tu, uingie wewe, uvute kiti chako, uniulize ilikuwaje. Ningekusimulia mpaka mwisho, baba. Asubuhi ile uliamka mapema, ukaomba uji.

Ni mimi binti yako, bado niko hapa mlangoni.