Muhuri wa Baba Yako

Champlin, Januari 1997

Mwanangu Cyrus,

Kwanza nikugombeze, ndipo nikusalimie. Huko Savage unakokaa si ng'ambo. Nimemuuliza dada yako Susan, akaniambia ni dakika arobaini kwa gari, na theluji ikizidi ni saa moja. Mimi nilikubeba mgongoni kutwa nzima kwa miguu hadi zahanati ya misheni, ukinitapikia shingoni, wala sikusema ni mbali. Siku ile Wamarekani wanapokula bata mzinga ulikuja ukaweka sufuria ya wali kwenye ngazi, ukasimama mlangoni na koti lako, ukaondoka kabla baba yako hajatoka msalani. Sufuria yako iko hapa. Nimeichukua, sirudishi.

Haya, hujambo? Kile kifua kimepona? Unapika, au bado unakula vitu vya makopo? Sisi tupo. Susan anafanya shifti mbili kwenye nyumba ya wazee, akirudi analala na viatu. Mwanawe Ian nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, basi tunaishi hivyo, na ugali anakula. Mimi ni magoti, na uchovu ambao kulala hakuutoi.

Anayeniandikia ni Imaculata, msichana wa Bukoba anayesoma chuo kikuu, amepanga chumba chetu cha chini. Ndiyo maana barua ni ya Kiswahili, Kisamia chetu hakijui. Nasema, anaandika, kisha ananisomea kila mstari kabla hatujaendelea. Ameniuliza kama simwamini. Nimemwambia yeye namwamini, karatasi ndiyo siiamini. Sababu utaiona.

Sasa baba yako. Figo zimekwisha. Daktari anataka kumfunga kwenye mashine mara tatu kwa wiki, naye amekataa. Daktari akarudia polepole kama anayeongea na mtoto. Baba yako akamjibu kwamba alielewa tangu mwanzo, ahsante, na je, koti lake liko wapi. Tulipotoka nje tukaambiwa huenda asione barafu ya mto ikiyeyuka.

Alfajiri anaamka kama zamani. Anavaa koti, anakaa kwenye meza ya jikoni, mikono juu ya meza, utadhani bado ni chifu wa gombolola, ile tarafa yetu kule nyumbani, na watu wamepanga foleni nje na kesi zao za mbuzi. Hakuna anayekuja. Juzi Ian aligombana na dada yake Kerubo juu ya televisheni. Babu yao akawaita, akamsikiliza huyu, akamsikiliza yule, akaandika, akaahirisha kesi mpaka Ijumaa. Ian hakuelewa neno hata moja, lakini Ijumaa alirudi. Kazi ile aliipenda, Cyrus. Alirudi kutoka msituni na mguu mmoja mfupi, na miaka mitano ya vita ambayo hakunisimulia hata siku moja. Aliniambia tu kwamba na bunduki amemalizana, sasa ni kalamu na muhuri. Ule muhuri aliufuta kwa kitambaa kila jioni, vile vile alivyokuwa akifuta silaha.

Wewe hakutaji. Ila simu ikilia, anageuza kichwa.

Najua kwa nini huji. Vijana watano walichukuliwa na askari kwamba ni waasi, mmojawao Rodney wako, uliyekula naye sahani moja tangu utoto, na karatasi iliyowachukua ilikuwa na muhuri wa baba yako. Jina lako halikuwamo. Watu wakasema chifu ameuza watoto wa wenzake akamficha wake. Na yeye akasimama mbele ya baraza akasema muhuri ni wake na mkono ni wake. Ulimsikia. Ukamtemea mate miguuni, naye hakusogea.

Mkono haukuwa wake. Ulikuwa wangu.

Siku ile alikuwa amekwenda wilayani. Wakaja wanaume watatu na gari, wastaarabu, wakanisalimu vizuri, wakaomba maji. Wakasema wana orodha ya vijana watakaopewa majembe na mbegu za pamba, na isipogongwa muhuri leo, majembe yatakwenda gombolola nyingine. Muhuri nilijua ulipo. Nilikuwa nimemwona akigonga mara nyingi. Nikaupulizia, nikagonga. Nilijiona mkubwa, mimi nisiyejua herufi. Kisha nikamuuliza mwenye kalamu kama jina lako limo. Akasema halimo. Nikamsihi aliongeze, nikasema mwanangu ni mchapakazi, naye apate jembe. Yule mtu akafunika kalamu yake, akasema hao wanatosha.

Ndivyo ulivyopona. Baba yako hakukutoa kwenye karatasi ile. Mimi nilikuombea uingie, na mtu nisiyemjua jina akakataa.

Aliporudi nikamweleza. Hakunigusa, hakupaza sauti. Alichukua fimbo, akatembea siku mbili na mguu ule hadi kambi walikopelekwa, akakaa langoni siku tisa mpaka wakampa wanne. Rodney alikuwa ameshakufa. Akaniambia nikijitaja, watu watanichoma ndani ya nyumba. Akasema yeye ana mengi ya vita ya kujibu kwa Mungu, moja zaidi atalibeba. Akanikataza kusema maadamu yu hai. Nimetii miaka tisa. Nimechoka kutii, na hajui kwamba nakuandikia.

Imaculata ameweka kalamu chini. Nimemwambia aiokote, hatujamaliza.

Barua nyingine itakwenda kwa mama yake Rodney, na humo sitaficha kitu. Yako imetangulia kwa sababu baba yako hana muda. Ukitaka kunichukia mimi, nichukie, una haki, ila njoo unichukie ukiwa hapa, na chakula utakula.

Susan anakusalimu. Kerubo anauliza kama wewe ndiye mjomba wa wali. Nimesomewa yote haya mara mbili, toka juu hadi chini, ndipo nikatia dole gumba.

Ukija Jumamosi, usipige honi barabarani, ingia kwa mlango wa jikoni, yuko hapo mezani. Usianze na msamaha, hatajua auweke wapi. Njoo na mashine ya kunyolea. Nywele zimemfunika masikio, na Susan akimkaribia na mkasi anamwambia asubiri, eti yeye anamngoja mtu. Mnyoe kama alivyokuwa akikunyoa wewe kila Jumamosi, nyuma chini kabisa, na ukifika kwenye lile kovu la nyuma ya sikio, pita polepole.

Mama yako,
Nabwire
(dole gumba)